Nilidhani Nimetambulishwa Ukweni, Kumbe Nilipelekwa Kupokea Nguo za Marehemu

Admin, nakuomba ulifiche jina langu, maana Waswahili wa Stockholm tunajuana wote na sitaki kukuta habari zangu kwenye chai ya kanisani Jumapili.

Mimi ni dada wa miaka 33, Mtanzania, kwetu Singida. Naishi Jakobsberg, nafanya usafi wa ofisi Kista. Nina mchumba Mromania, fundi wa vigae, nimwite Radu. Harusi yetu ni baada ya wiki sita. Ninavyoandika hapa nimeshaoga mara mbili tangu asubuhi na bado najisikia mchafu.

Radu nilikutana naye kwenye jengo ninalosafisha, alikuja kubandika vigae vya chooni. Tukazoeana. Hata mwezi haujaisha akaniambia, "Jumamosi twende kwa mama yangu Jordbro." Jamani, mnajua kwetu mwanaume akikupeleka kwa mama yake maana yake ni nini. Nilisuka nywele upya, nikavaa gauni la heshima. Yule mama alinipokea kwa machozi. Akanilisha kabichi zilizoviringishwa na nyama ndani, kisha akanikabidhi sahani mpya, kikombe, taulo, mkate na mshumaa, na juu yake koti zuri la baridi na sketi mbili. Vyote vikanikaa kama nimepimwa na fundi. Nikapiga picha, nikawatumia mama na shangazi: nimepokelewa ukweni! Singida walipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Kwa mapokezi yale nikaamua kujifunza Kiromania. Treni ya kutoka kwangu hadi Jordbro ni moja tu, basi nilikuwa nakariri maneno njia nzima. Dada mmoja Mkenya wa kanisani alinicheka: "Wewe, Kiswidi yenyewe bado inakutoa jasho, sasa Kiromania ni ya nini?" Nikamjibu, ukipenda boga penda na ua lake. Mwaka mzima mama alinifundisha jikoni kwake: kukanda unga, kupaka mayai rangi nyekundu wakati wa Pasaka, kuwasalimia wazee wao. Na kila baada ya muda ananipa tena sahani, ananipa tena nguo. Mimi navaa, nashukuru, najiona mkwe mwenye bahati.

Wiki mbili zilizopita ilikuwa Jumamosi yao ya kuwaombea wafu. Wanaandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi, padri anayasoma kanisani. Mama macho yake hayaoni vizuri, akaniambia, "Mwanangu, sasa unajua kuandika, niandikie." Nilivimba kichwa kwa fahari. Akanitajia baba yake, mama yake, mume wake. Halafu akasema, "Mihaela."

Nikauliza, "Mihaela ndiye nani, mama?"

Akanishangaa. "Mke wa Radu. Kwani ulidhani unavaa nguo za nani?"

Radu aliniambia hajawahi kuoa. Kwa kinywa chake! Mama, masikini, akanieleza kwa upole kabisa kwamba kwao nguo, vyombo na chakula hupewa mtu kwa niaba ya marehemu, ili huko aliko naye asikose. Akasema, "Nilimwomba Radu aniletee mwanamke wa umri na umbo la Mihaela, mwenye uhitaji. Akakuleta wewe. Nilijua amekwambia, ndiyo maana nikakupenda, ulipokea bila kinyongo."

Nikaweka kalamu chini, nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Sina ugomvi na desturi yao. Hata kwetu nguo za marehemu hugawiwa, ila hugawiwa mchana kweupe mbele ya ukoo, na anayepewa anajua anavaa cha nani. Mimi nililetwa kama maskini wa kusaidiwa, nikalishwa, nikavishwa, halafu nikajitangaza mchumba kwa ukoo mzima. Kinyaa kikubwa ninachosikia si cha zile nguo. Ni cha Radu, aliyekaa pale mezani siku ile ananitazama naingiza mikono kwenye koti la mkewe, akatabasamu.

Nilipombana alikuwa anamenya chungwa. Akaniambia, "Ningekwambia ungekataa, na mama angeumia. Mwanzoni nilikupeleka kwa ajili ya nguo tu. Kukupenda kulikuja baadaye." Anasema hivyo huku anatafuna! Sijawahi kuchukia mdomo wa mtu kama nilivyouchukia ule.

Nikamnyooshea kidole chenye pete ya uchumba aliyonivisha. "Na hii pete, nayo ilikuwa yake?"

Akaacha kutafuna. Akakusanya maganda ya chungwa, akaenda kuyatupa.

Mama yake ananipigia simu kila siku, analia, anauliza amenikosea nini. Yule mama nampenda, hilo ndilo linaloniumiza. Amekuwa mzazi wangu hapa Uswidi, na nikimwacha mwanawe nitampoteza na yeye. Singida nako sare zimeshashonwa, na shangazi ameshawaalika majirani. Nikiwaambia ukweli watacheka au watalia, sijui.

Nimeivua pete nikaiweka kwenye bahasha. Nishaurini, ndugu zangu: niolewe na mtu huyu au nivunje? Na msiniambie nisali, nimeshasali. Nikivunja, hii pete namrudishia nani, Radu au wazazi wa Mihaela?