Tyubu Kiunoni, Moroni hadi Mutsamudu

Safari hii niliifunga kwa hasira, ndugu zangu wa Unguja, na hasira yenyewe bado ninayo. Mjukuu wangu Mariama ni mkunga Mutsamudu. Aliniletea salamu: "Koko, wamenikatia mpira. Niletee mwingine." Koko ndiyo bibi kwa lugha ya huku nilikoolewa.

Kisa ni hiki. Kisiwa chao cha Anjouan kilipojitenga na serikali ya Moroni, petroli ilikauka na gari la zahanati likalala. Mariama akapanda baiskeli. Lakini kila chini ya mteremko, pale unapotaka mbio zako zikupandishe kilima cha pili, askari wameweka kizuizi. Simama! Mbio zote zinafia kwenye breki, na huko juu mtu ana uchungu. Basi mtoto huyo, akili kairithi kwangu, akafunga mikanda ya tyubu ya lori chini ya kiti. Akibana breki, gurudumu linavuta mpira. Akiufyatua, mpira unalisukuma gurudumu mbele. Askari wakasema ni manati, wakakata. Wajinga!

Alfajiri, Moroni. Niliswali, nikajizungushia tyubu kiunoni, nikavaa buibui juu yake. Bandarini walikuwa wanazuia bidhaa za kwenda kule. Ofisa akanikodolea macho.

"Bibi, umenenepa."

"Nimezaa saba. Ulitaka niwe uzi?"

Akaona haya, akanipisha.

Kesho yake, Mutsamudu. Nilishuka natoka jasho, nanuka mpira kama gereji. Vichochoro vya mji ule havipitishi baiskeli. Mariama huibeba begani mpaka barabarani. Tulikata tyubu kwa mkasi wake wa kazi, tukafunga.

Asubuhi ya tatu, barabara ya mlimani. Aliitwa kwa mzazi. Nikadandia keria, umri huu! Nilitaka nimwone mkata mpira kwa macho yangu. Mteremko ukatuchukua, Mariama akabana breki, mpira ukalia kama mbuzi, tukasimama kizuizini.

"Manati tena?" Mkubwa wao akachomoa kisu.

Nikashuka, nikaweka mkono juu ya mpira. "Ndiyo, manati. Jiwe lake ni mjukuu wangu, na huko juu kuna mwanamke anamngoja. Wewe ulitolewa na nani tumboni, na bunduki? Kata, uanze na mkono huu."

"Bibi, ni amri..."

"Amri ya kuzaa imetangulia yako!"

Vijana wake wakacheka. Kisu kikakawia. Akainua mti wa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe. Nikaondoa mkono, Mariama akafyatua, baiskeli ikaruka kukipanda kilima. Mimi nikakaa juu ya jiwe, nikawatazama askari wale mpaka adhuhuri.

Mariama aliporudi, mkubwa ndiye aliyeuliza kwanza: "Vipi?"

"Wa kike. Wazima wote wawili."

Nimejifunza nini? Kwamba mtu akikusimamisha kwa nguvu, usimwachie mbio zako. Zifunge, uondoke nazo.

Bandari ya Moroni, kurudi. Ofisa yule yule.

"Bibi, umekonda!"

"Nimejifungua Mutsamudu," nikamwambia, nikapita.