Volti Kumi na Mbili

Karatasi nzito inayong'aa, ikishapata joto, hutoa harufu ya gundi na wino ambayo haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Nilikutana nayo tena Jumapili iliyopita, baada ya ibada, sebuleni kwangu Pajulu, wakati binti yangu Letaru alipofungua mfuko wake akatoa kitabu kinene kama tofali. Kilikuwa kitabu cha marejeo kuhusu mashine za zamani za kuchezea michezo kwenye televisheni: kila mashine na picha yake, mwaka wake wa kutengenezwa, vipimo vyake, na orodha ya michezo yake. Letaru hutengeneza simu na kompyuta mjini Arua, na vijana wa siku hizi wanatafuta kwa bidii vitu ambavyo sisi tulivitupa. Alitaka nimwambie kama niliwahi kuiona mojawapo ya mashine zile.

Niligeuza kurasa bila haraka. Katikati ya kitabu nikaikuta, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na kifuniko chekundu mgongoni. Nilisoma mstari mmoja mdogo chini ya picha. Ulisema kwamba mashine ile hutumia umeme wa volti tano. Nikakiweka kitabu mezani, nikaenda kusimama jikoni peke yangu.

Jambo hili sikumsimulia hata marehemu mume wangu, aliyefariki tarehe 6 Juni 2015, na si kwa sababu nilimwogopa, maana mimi si mtu wa kuogopa. Sikujua tu nianzie wapi. Leo nitaanzia kwenye tarehe. Nazishika sana tarehe kwa kuwa yangu ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Mama alisema nilizaliwa Zaire, mwaka wa 1980, wakati wa kupanda karanga, katika kibanda cha wakimbizi kilichoezekwa majani ya migomba, na zaidi ya hapo hakukumbuka.

Tulirudi kijijini kwetu Logiri mwaka wa 1987, bila baba. Mwezi wa Aprili 1991 Shangazi Ezaru, dada mkubwa wa baba, alikuja kunichukua kwenda naye Koboko. Yeye pia alikuwa mjane. Alikaanga mandazi na kuuza chai karibu na maegesho ya malori, na mikono yake ilihitaji mikono mingine. Baba mdogo aliniachia kwa shingo upande. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilijua kulima kwa zamu ya mtu mzima, na aliweka wazi kwamba kama sina kazi ya maana huko, nirudi shambani. Sikutaka kurudi. Koboko palikuwa na sauti: honi za malori, adhana alfajiri, mashine ya kusaga, watu wanaogombana katika lugha tano na kucheka katika lugha moja.

Mwezi wa Juni, shemeji ya Shangazi, dereva aliyeitwa Aluma, alirudi kutoka Ariwara, upande wa Zaire, na sanduku. Ndani yake mlikuwa na mashine ile ya michezo, ambayo hata wakati huo ilikuwa imekwisha kuzeeka mikononi mwa Mzungu fulani, vidude viwili vyenye vitufe, kaseti tisa za michezo, na kitabu. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, cha kurasa nyingi mno, chenye picha za mashine za kila namna. Aluma aliiacha mashine nyumbani kwa Shangazi ili watu wanaosubiri malori wapate cha kuwafanya waketi na kuagiza chai ya pili.

Siku ile kitabu kilizunguka ua mzima. Kila mtu mzima alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu uzito wake, akakigeuza, akakipitisha kwa mwenzake. Mwishowe kikanifikia mimi, na baada yangu hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

"Wewe ulikaa Zaire," Shangazi aliniambia. "Ulisoma kule, ama?"

Zaire nilikuwa nikiuza karanga chini ya dirisha la darasa. Nilijua wimbo wa sauti ya mwalimu, jinsi alivyopandisha mwanzo wa sentensi na kuishusha mwisho, kama mtu anayeteremka ngazi. Maandishi sikuyajua hata moja. Lakini macho yote yalikuwa juu yangu.

"Nilisoma," nikasema.

Nikakifungua kitabu, nikaweka kidole, nikateremka ngazi zile za mwalimu kwa maneno ambayo hayakuwa Kifaransa wala lugha yoyote ya binadamu. Kisha Aluma akapiga makofi. "Ona! Mutoto ya ndugu yetu iko na kichwa!"

Tangu siku hiyo nikawa mwenye kitabu. Picha nilizijua zote. Mtu akichagua kaseti, mimi nilifungua ukurasa wake kwa gumba, nikaeleza mchezo ulivyo. Kulikuwa na mchezo mmoja wa mtu mfupi mwenye mzigo mweupe kichwani, akiruka kutoka jiwe moja hadi jingine. Nilisoma kwamba mtu yule anavuka mto Kaya wa mpakani akirudi nyumbani, na mzigo ule ni godoro, na haruhusiwi kuliloweka. Watu wazima waliocheza mchezo ule walicheza kwa uchungu. Mtu yule alipotumbukia, maegesho yote yalipiga kelele, "Godoro! Godoro imelowa!" Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri lori la Yei alikataa katakata kuondoka kabla hajamfikisha ng'ambo. Sikucheka. Nilidhani ndivyo kilivyoandikwa. Uongo wangu ulikuwa umenikolea mwenyewe.

Watoto waliosoma shule walinionea kijicho. "Mwalimu ya Zaire," walinitania, "tusomee na mandazi yako nasema nini!" Niliwajibu kwamba mandazi yanasema wao wana njaa. Na baba mdogo alipotuma mtu mwezi wa Agosti kuniita nikavune, Shangazi alimrudisha na jibu ambalo nililisikia nikiwa nyuma ya mlango: "Huyu nasoma kitabu ya watu ya Ulaya. Hapana rudi kwa jembe." Hapo ndipo nilipoelewa mambo yangu yalivyosimama. Kitabu kile ndicho kilichonishikilia Koboko. Siku watakayojua kwamba sisomi, nitafungiwa nguo zangu kwenye kanga na kurudishwa Logiri.

Koboko haikuwa na umeme. Televisheni yetu, ndogo isiyo na rangi, iliendeshwa na betri ya lori, ambayo kila wiki tuliipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Mashine ya michezo yenyewe ilikuwa na kisanduku chake cha kati, ambacho kilipokea umeme wa betri na kuupunguza. Jumamosi tarehe 14 Septemba 1991 kisanduku hicho kilikufa. Shangazi akamwita Fundi Kenyi.

Fundi Kenyi alitengeneza redio za Koboko yote. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyefunga vyuma vyake kwenye kitambaa kama mtu anayefunga chakula cha safari. Alikifungua kile kisanduku, akakinusa, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa kabisa, Mama. Lakini tunaweza funga mashine kwa betri yenyewe, kama televisheni. Kama tu mashine nakubali nguvu ya betri." Akanigeukia. "Binti, kitabu nasema mashine hii nataka ngapi?"

Nilifungua ukurasa. Tarakimu nilizijua, kwa ajili ya soko, sote tulizijua. Maneno yaliyozizunguka ndiyo yaliyonishinda. Pale palikuwa na mwaka, palikuwa na tano, palikuwa na kumi na mbili, palikuwa na nyingine kubwa zaidi. Watu wapatao ishirini walikuwa wakingoja kwenye mabenchi. Mwaka ule kila mtu Koboko alijua kwamba betri ya lori ni ya kumi na mbili, na niliona katika uso wa Shangazi nambari aliyotamani kuisikia.

"Kumi na mbili," nikasema.

"Kweli kweli?"

"Fundi, mutoto amesoma Zaire," Shangazi akamwambia, kwa fahari ambayo hadi leo inanichoma.

Akafunga waya. Kwa muda wa kuhesabu hadi kumi hivi, picha ilikuja ikiwa safi kuliko siku zote, na watu wakashangilia. Kisha ukatoka moshi mwembamba chini ya kifuniko chekundu, na harufu kama ya nywele zinazoungua. Picha ikawa mstari mmoja. Mashine haikuwaka tena.

Kwa siku nane nililala na kuamka na jambo hilo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Maegesho yote yalisema kitabu hakiwezi kukosea, ni Fundi Kenyi aliyeua mashine ya Aluma, na wanawake wawili walikwenda kuchukua redio zao kwake kabla hajazigusa.

Aluma alirudi Jumapili tarehe 22. Alasiri aliwaita watu uani, wakakaa kwenye viti vifupi kwa duara, na Fundi akasimamishwa katikati, kama desturi ya mashauri ilivyo. Kitabu kilikuwa mapajani mwa Aluma.

"Nani alisema kumi na mbili?"

"Kitabu," Fundi akajibu. Hakunitazama.

"Kitabu iko hapa. Nionyeshe."

Fundi akainama. Kidole chake, chenye kovu la kuungua kwa risasi ya kuchomelea nyaya, kikatembea juu ya ukurasa, kikapita picha, kikarudi, kikaikuta ile kumi na mbili, kikasimama.

"Na hii neno pembeni yake," Aluma akauliza, "nasema nini?"

Fundi akakiacha kidole pale pale. Aluma aliendelea kumtazama yeye, si ukurasa. Niliona jasho likishuka kando ya sikio la Fundi. Nilijua angeweza kuliondoa shauri lile kichwani mwake kwa neno moja, jina langu, na nikangoja alitamke. Hakulitamka. Nadhani kama angelitamka, ningekana.

Nikasimama. "Ni mimi niliyesema. Fundi alinifuata mimi. Mimi sijui kusoma. Sikusoma Zaire. Niliuza karanga."

Nilitarajia kicheko, au kofi. Hapakuwa na kimoja wala kingine. Ukimya ulioshuka uani sijausikia tena mahali popote, hata kwenye mazishi. Watu wazima walitazama miguu yao. Aluma alikifunga kitabu taratibu, akakipapasa jalada, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Shauri imekwisha," akaenda kukagua magurudumu ya lori lake. Hakuna aliyedai zaidi.

Usiku nilifunga nguo zangu kwenye kanga. Asubuhi Shangazi aliikuta mlangoni, akaifungua, akazitundika nguo moja moja kwenye kamba kana kwamba zimefuliwa. "Kumbe hapana jua," alisema. "Basi utajua." Jumatatu tarehe 3 Februari 1992 alinipeleka darasa la kwanza, mimi na magoti yangu yasiyoingia chini ya dawati, kati ya watoto walionifikia kiunoni. Nilimaliza kidato cha nne mwaka wa 2002, na mwaka uliofuata nikapata kazi ya ukarani katika ofisi moja Arua.

Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba ukimya wa siku ile ulikuwa hukumu yangu. Kwamba niliwaaibisha kiasi cha kuwakausha maneno. Ndivyo nilivyoamini hadi Alhamisi tarehe 11 Machi 2004, Fundi Kenyi alipoingia ofisini kwangu, kofia mkononi, nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa amesafiri kutoka Koboko juu ya lori la mbao. Alitoa bahasha iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani.

"Kutoka Kampala. Hospitali. Habari ya binti yangu," alisema. "Nisomee."

"Fundi, Koboko yote hakuna msomaji?"

"Iko mingi. Lakini wewe ndiye ulisema mbele ya watu. Sisi wengine hatukusema mpaka leo."

"Ninyi wengine nani?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kwamba swali hilo linaulizwa. "Mimi. Shangazi yako. Aluma. Ule ua wote, mwanangu."

Nikaketi. Ndipo nikakiona tena kitabu kile kikipita mkono kwa mkono, kikisifiwa uzito, hakuna anayekaa nacho. Nikamwona Aluma akiuliza neno linasema nini, kwa kuwa kweli hakujua. Walikuwa watu ambao shule iliwapita utotoni, kisha vita vikawavusha mto, na waliporudi walikuwa wazazi, madereva, mafundi, watu wasioweza tena kuuliza. Nilidhani mimi ndiye niliyejificha nyuma yao. Kumbe wao walikuwa wamejificha nyuma ya mtoto wa miaka kumi na moja, na nilipojifunua, niliwaacha wote uchi.

Nikaifungua barua. Iliandikwa kwa Kiingereza, na nilimsomea polepole, nikimgeuzia kila sentensi kwa Kiswahili. Bintiye amelazwa tangu tarehe 1. Anakula. Anawasalimu. Daktari amepima damu, na ameona kwamba ana ugonjwa unaoitwa hivi. Hapo nikafika kwenye neno refu ambalo sikuwahi kuliona. Fundi alikuwa ameinamia meza, akitazama mdomo wangu. Nilijua neno alilotamani kulisikia: malaria, au uchovu, jambo dogo lenye dawa. Lilikuwa tayari ulimini mwangu, jepesi sana.

Nikaweka kidole juu ya maandishi yale.

"Fundi, neno hili mimi silijui."

Macho yake yalitoka mdomoni mwangu yakashukia kidole changu. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara mbili. "Sasa wewe najua kusoma," akasema.

Akavaa kofia yake. Nami nikafunga ofisi, nikaichukua barua, tukaenda pamoja kumtafuta muuguzi.