Siku Niliyompeleka Mama Zaituni Kutafuta Shamba Ziwani

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana pwani yote ya ziwa hapa Rumonge wanalo, na kila msimuliaji ananizidishia maji.

Mimi nina kiduka cha fotokopi na kompyuta, na watu huniita fundi (sifa niliyoipokea bila kuuliza maswali). Akaja Mama Zaituni, mjane aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania, na picha ya ramani ya zamani ya mashamba ya michikichi upande wa Kizuka, faili zito mpaka kompyuta ikakoroma. Jirani yake, Mzee Bosco, alikuwa amekula mistari miwili ya michikichi yake, na Alhamisi chef wa mlima, yaani mkuu wa kitongoji, angekuja kuamua. Mama alitaka ramani iingie kwenye simu, watembee nayo hadi mpakani mwa shamba.

Simu ikalikataa faili. Nikaona chini ya picha kuna utepe mrefu wa buluu, ziwa tupu, na mshale mdogo umechorwa humo. Nikajiambia, maji nani anayalima? Nikakata utepe wote, picha iliyobaki nikaigawa vipande vidogo ambavyo simu inaweza kuvifungua, nikaibandika juu ya ramani ya simu kwa kuifunga mahali pamoja tu, darajani, na kaskazini nikaiweka juu kwa sababu, basi tu, si huwa juu?

Alhamisi tukaanzia darajani, mimi na Mama, Mzee Bosco, chef na watu wengine nyuma, doti ya simu inayoonesha tulipo imekaa palepale, nikavimba kichwa. Kisha simu ikatuelekeza kushoto.

"Mwanangu, shamba langu liko kule," Mama akasema, akionesha michikichi mbele yetu.

"Mama, mashine haikosei," nikamjibu (mdomo huu!).

Tukapita mihogo, tukakanyaga ndagala (dagaa wa huku) za watu zilizoanikwa, tukatokea mchangani. Simu inasema bado metre mia mbili. Mie nikavua viatu nikaingia majini, sijui nilidhani nini, labda doti itaona haya igeuke. Nikafika mapajani.

"Chef, mimi sina neno," Mzee Bosco akapaza sauti. "Kama shamba yake iko huko, achukue yote, na samaki juu!"

Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Mama Zaituni hakucheka. Alitoa kwenye kanga nakala yake ya karatasi, ile nzima yenye ziwa, chef akaishika, akaligeuzia ziwa mgongo, akatazama milima.

"Muchoraji alisimama hivi. Kwetu chini iko ziwa, juu iko milima. Kaskazini iko huku kushoto, tazama na mushale yake humu ndani ya ziwa. Weye kaskazini ya juu uliitoa wapi?"

Nikageuza simu, nikajigeuza mwenyewe, bado sikuelewa kitu. Kufika hapo chef alikuwa anaitwa kwingine, akasema shauri lisubiri, na kabla halijaitishwa tena Mzee Bosco akavuna ile mistari miwili yote.

"Ukimbizini nilikuwa nafumba macho naliona shamba langu, mchikichi kwa mchikichi," Mama aliniambia siku ileile pale ufukweni, bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza. "Leo nimelifikia kwa miguu, ukanipitisha pembeni."

Ramani niliirudia, ziwa na mshale wake ndani, na sikuchukua hata senti. Lakini siku hizi mtu akiniletea picha kubwa ya mashamba, siwashi hata kompyuta: naapa, kwanza tunakwenda wote shambani, yeye mbele, mimi nyuma, kimya.