Ngoma ya Kodi Langoni kwa Mwalimu Vatsala

Kila mwezi wa tatu, halmashauri ya mji wetu inapofunga hesabu za mwaka, Baban Khandagale huacha ngoma za harusi akapiga ngoma za kodi. Kazi yenyewe ni kusimama mbele ya nyumba ya mtu asiyelipa kodi ya jengo na kupiga mpaka mwenyewe atoke, majirani wakimkodolea macho, alipe yaishe. Wengi hulipa upesi. Mwaka jana mwenye duka la vyombo alitoka na taulo kiunoni, pesa mkononi, akilia, "Basi, kaka, basi! Wakwe zangu wamo ndani!"

Mimi nauza chai mkabala na nyumba ya Mwalimu Vatsala Mohite, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe. Baban ana kasoro moja tu: hajui kupiga vibaya. Umtume akaaibishe watu, mikono yake inasherehekea. Wateja wangu wanaacha chai inapoa, mabega yanacheza yenyewe.

Mwalimu Vatsala ni mjane, mwalimu mkuu mstaafu, na nusu ya mji huu amewahi kuifinya masikio. Pensheni anayo. Lakini miaka hii ya karibuni halipi mpaka apigiwe ngoma, na safari hii hata ngoma haikutosha. Siku ya kwanza alikaa kitini langoni, akasikiliza mpaka mwisho, akamshukuru Baban, akaingia ndani. Siku ya pili vilevile.

Bwana Pendse, ofisa wa kodi, alipandwa na hasira. "Baban! Tumekuja kudai hapa au kuoza binti?"

"Bwana mkubwa, ngoma ni ile ile."

"Basi kesho asipolipa, tafuta kazi nyingine. Nakodi kipaza sauti, kimtaje jina kutwa nzima. Kipaza sauti hakichekewi!"

Baban alikuja kibandani kwangu uso umemshuka. Siku hizi hata maharusi wanakodi maspika, na mwezi wa tatu ndio unaolisha nyumba yake hadi mvua zije. Nilichemka kuliko birika langu. "Yule mama ana roho ya jiwe," nikasema. "Anakuona unahangaika, yeye anajipepea!"

Akapuliza chai yake. "Dada Shanta, kile kiti umekiona?"

"Kiti gani?"

"Kilikuwa nje kabla sijafika. Na sari aliyovaa ni ya hariri. Mtu anayekwenda kuaibishwa anavaa hariri?"

Nikageuka kulitazama lango la Mwalimu.

Kesho yake Baban alimtangulia Pendse. Mwalimu alikuwa ameshaketi langoni. Baban akasimama mbele yake, ngoma begani, asipige.

"Vipi, mikono imelala?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, niambie kweli. Kwa nini hulipi?"

Nilidhani atamvuta sikio. Badala yake alilitazama lango lake. "Wanangu wote wawili wameoa Kanada. Harusi zao nimeziona kwenye simu. Hapa haijalia ngoma ya furaha tangu niingie mimi bibi harusi. Ukija wewe, hata kama umetumwa..."

Mimi na roho yangu ya jiwe nikainamia birika, nikajifanya nakoroga sukari.

"Lipa, Mwalimu," Baban akasema polepole. "Usipolipa wananifukuza, na wewe unaletewa spika. Ukilipa, asubuhi ya mwaka mpya wetu nakuja mwenyewe. Sitatumwa na mtu."

"Utasahau."

"Si ulinifundisha darasa la tatu? Niliwahi kusahau nini?"

"Jedwali la kuzidisha kwa saba. Kila siku!"

Tulicheka wote watatu. Pendse alipofika, Mwalimu alimpa pesa kabla hajashuka kwenye pikipiki. Pendse akazihesabu mara mbili, akaagiza chai.

Asubuhi ya mwaka mpya wa Kihindu, ambao huangukia mwezi wa tatu au wa nne, fito zilikuwa zimesimikwa madirishani kama desturi ya sikukuu hiyo, zimevalishwa vitambaa vya rangi na vyungu vya shaba juu. Baban alikuja, kilemba kipya kichwani, akaipiga ngoma ile kuliko alivyowahi kuipiga. Mtaa mzima ukachungulia. Jirani wa ghorofani akatoa kichwa, akapaza sauti:

"He, Mwalimu! Kodi tena?"

Mwalimu Vatsala akainuka kitini, hariri yake inang'aa juani, machozi yanamtiririka na meno yote nje.

"Nimelipa!" akamjibu. "Hii ni yangu!"