Ngoma Isiyofika

Nilipoanza masomo ya muziki chuoni Mbale nilikuwa na jeuri moja kubwa: sitagusa kitu cha mtu. Wenzangu darasani walikuwa wakikata vipande vya nyimbo za zamani, wanavizungusha kwenye kompyuta, wanaongeza ngoma kidogo juu yake, basi, wameshakuwa watunzi. Niliwacheka waziwazi. Niliwaambia wanavaa suruali za baba zao na kujiita mafundi cherehani.

Kisha mhadhiri wetu akatupa kazi ya kumaliza muhula. Tutunge kitu kipya, tukicheze ukumbini mbele ya watu, na aliyechukua sauti ya mtu sharti mwenyewe awe amekubali. Bila kazi hiyo hakuna kuvuka mwaka. Nikakaa mbele ya kompyuta wiki nzima na kila nilichotunga kilikuwa kimepoa kama uji wa jana. Jeuri ikaniisha. Nikaanza kupekua simu yangu nione nina sauti gani, na humo nikamkuta mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, anakaa Wanale, mlimani, na ndiye kiongozi wa kikundi cha kadodi. Hizo ndizo ngoma zinazomtembeza kijana anayekwenda kutahiriwa, kutoka kwa jamaa hadi kwa jamaa, watu wakicheza nyuma yake, mpaka uani kwao ambako kisu kinamngoja. Mjomba ni mtu wa kujisikia. Ukikaa naye bila kumuuliza habari za ngoma, atazianzisha mwenyewe. Ana mkono wake unaomtambulisha: mapigo matatu ya haraka, pumziko, halafu pigo moja zito linalokushukia tumboni. Wanale nzima ikisikia mkono huo inajua ni yeye, naye anajua kwamba inajua. Nilikuwa nimemrekodi msimu huohuo wa tohara, nikiwa katikati ya wachezaji, jasho likinitiririka. Nikakata sekunde chache tu, nikazizungusha. Jamani, zilikuwa tamu!

Mwisho wa juma nikaenda nyumbani Mafubira, Jinja, na kipande changu. Baba ni askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini. Mama ni Mgisu wa huko mlimani. Kilichowakutanisha ni Kiswahili cha kambini, na ndicho nilichonyonya mimi. Chuoni nikikizungumza wenzangu huinua mikono juu na kuniuliza nimekuja kumkamata nani, maana nchini kwetu Kiswahili ni lugha ya askari. Nimewazoea.

Zamani baba alipiga ngoma kubwa katika bendi ya kambi. Siku hiyo alikuwa barazani akipiga viatu rangi, ingawa hana tena gwaride la kwenda. Nilipofungua kipande changu, brashi ikaganda hewani.

"Hiyo umetoa wapi?"

"Ni ya mjomba, baba."

"Mjomba gani! Hiyo ni ya sisi. Hiyo ni kulia geuka!"

Akainuka, miguu peku, akageuka kulia palepale barazani kwa pigo lile zito. Kumbe kabla sijazaliwa mjomba alikuja Jinja kutafuta kazi, akakaa kwa baba na mama kambini karibu mwaka mzima, na kila asubuhi alisimama kwenye ua akiangalia bendi ikifanya mazoezi. "Alikula chakula yangu," baba alisema, "na akabeba mkono yangu." Alikuwa anacheka, lakini si sana.

"Na wewe afande ulitoa wapi?" mama akauliza kutoka jikoni.

Baba akarudia viatu vyake. Mama akauliza tena. Ndipo baba akakiri kwamba aliusikia mkono huo kwenye harusi ya majirani kambini, wale Waislamu ambao babu zao waliletwa na jeshi kutoka Sudan. Bibi mmoja aliupiga kwenye karai, wanawake wakimwitikia. Baba akaupenda, akauingiza kwenye gwaride.

Basi kitu changu kipya kilikuwa karai la harusini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini usiku kucha, niseme kweli, nilikuwa na huzuni. Nilitaka duniani kuwe na sauti moja ambayo mtu akiisikia aseme huyu ni yule binti, basi. Mjomba anayo, japo aliibeba kambini. Mimi nilikuwa na kompyuta tu. Asubuhi nikaliomba karai la mama, nikalipiga, nikalirekodi na lenyewe.

Niliporudi Mbale nikafanya ujinga ambao hata mtoto wa Mbale asingeufanya. Nilitaka kusikia lile pigo zito kwenye spika kubwa, nikaazima ya jirani, nikaiweka dirishani hosteli na kuielekeza nje ili isinipasue masikio. Mchana kweupe, katikati ya msimu wa tohara. Nikafungulia kipande cha mjomba kikawa kinazunguka, kinazunguka, nami nikiwa nimefumba macho kama msanii.

Nilipoyafumbua barabara ilikuwa imejaa. Kwetu kadodi ikilia mtu haulizi, anatoka. Wauza chapati walikuwa wameacha makaa, wanafunzi wa shule wanatimua vumbi, waendesha bodaboda wamefunga njia, wote wakicheza na wakitazama mlango wa hosteli, wakimngoja kijana atoke.

"Nani nasimama leo?" mtu akaita, akimaanisha nani anakabili kisu.

Nikazima spika. Kosa la pili, maana sasa kulikuwa kimya na wote wananitazama mimi.

"Hakuna mtu," nikasema. "Ni kazi ya chuo."

Sitayaandika yote niliyoambiwa. Mama mmoja alikuwa amekuja na kuku wa kumtuza mtahiriwa. Akauliza ampe nani, nikamwambia arudi naye nyumbani, akaniangalia kwa dharau nisiyowahi kuona. Kuku aliyetolewa kwa ajili ya mtahiriwa, alisema, harudi bandani. Akamtia mikononi mwangu, akaondoka. Kesho yake mjomba, habari zikiwa zimeshamfikia, akaniita Wanale, nami nikapanda na kuku kwapani.

Hakunikaribisha kiti. "Umetembeza watu bila mtoto," alisema. "Ngoma yangu nafika. Hii yako iko nazunguka tu, haifiki popote. Utaifuta."

Nikamwambia siwezi kuifuta, nikiifuta nimefeli mwaka. Akasema basi nifeli. Hapo hasira zikanipanda, na mimi nikipandwa sijui mkubwa. Nikamwambia mkono wenyewe si wake, ni wa baba. Mke wa mjomba, aliyekuwa akimpokea kuku, alishika mdomo. Mjomba akasema niite huyo baba. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu.

"Shemeji," baba aliunguruma, "hiyo ni kulia geuka!"

"Afande, wewe ulikuwa nageuka na hiyo. Mimi nimetahirisha watu!"

Wakabishana hivyo, kila mmoja akiipiga mezani kwake, pah pah pah, kimya, puu, mpaka mkewe mjomba akaanza kuicheza akiwa na kuku. Mwishowe baba akasema, taratibu, kwamba kweli shemeji ameipeleka mbali. Sisi tuligeuka kulia tu, alisema, tukaenda kula.

Mjomba akanirudishia simu. Halafu akaniambia niutumie mkono huo, kwa sharti moja: ngoma ifike.

"Itafika wapi, mjomba, na hakuna anayetahiriwa?"

"Hiyo ni kazi ya wewe."

Siku ya ukumbini ilifika. Mjomba alikuja, amevaa suti, akakaa nyuma. Nikaanza na karai la mama peke yake. Likaingia gwaride la baba, niliyemrekodi kwa simu akihesabu hatua. Kisha mkono wa mjomba, ukizunguka, kila mzunguko nikiongeza watu, vigelegele, filimbi, mpaka ukumbi mzima ukawa unatikisa mabega. Na pale ambapo kila mtu alikuwa anangoja lile pigo zito, nikakata kila kitu. Kimya. Nikakiacha kimya hicho kikae.

Mabega yalisimama. Msichana wa mbele alishika shingo. Hakuna aliyekohoa. Kisha nikashusha mikono kuonyesha nimemaliza, na watu wakapumua, wakapiga makofi.

Mhadhiri akasema vingine vyote nimeeleza nilikovitoa, na wenyewe wamekubali, ila hapo pa kimya ndipo amenisikia mimi. Nilitamani mno kunyamaza nikapokea. Lakini baada ya karai na gwaride ningeanzaje kudanganya?

"Hata hapo si pangu, mwalimu," nikasema. "Kadodi hunyamaza kijana anaposimama mbele ya kisu. Ni pa mjomba."

Kiti kikalia nyuma. Mjomba alikuwa amesimama na anafunga kifungo cha koti. Nikajua ameinuka kuchukua chake, na mbele ya watu wote.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Mimi nanyamaza kwa sababu kisu imefika. Huyu amenyamaza na kisu hakuna, na sisi wote tumeogopa. Hiyo ni ya yeye."

Akakaa, akafungua kifungo.