Viazi Tulivyoviacha Bila Dawa Mdandu

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, cheti mkononi, nikadhani nitapewa meza. Mkuu wa Kituo, mzee mrefu wa maneno machache, alinitazama miguuni, akanitazama usoni, kisha akanionyesha bomba la kupulizia dawa. "Kitalu hiki pulizia, kile acha, hiki pulizia, kile acha," akasema, akaenda zake. Kilikuwa kituo kidogo cha majaribio ya viazi mviringo, nje kidogo ya mji wa Njombe, na asubuhi hiyo ulivuma ule upepo wetu unaopenya hata sweta mbili.

Nilipomaliza alirudi. "Umepulizia?"

"Ndiyo mzee, kama ulivyoniagiza."

"Na upepo je? Uliuagiza nini?"

Nikageuka. Vitalu nilivyoambiwa niviache vilikuwa vyeupe kwa dawa kama vile vingine. Kumbe alijua tangu mwanzo, alitaka nione kwa macho. Nilikasirika mno, nanyi mnaonifahamu mnajua hasira zangu haziko mbali. Lakini somo lile halijanitoka hadi leo, nalo ndilo ninalotaka kuwaeleza ninyi mnaoanza kazi sasa.

Kuna mambo hayafanyiki kwenye eneo dogo. Dawa inapeperuka, trekta halipati pa kugeuzia, maji ya mfereji yanavuja kwa jirani. Kwa hiyo shamba unaligawa kwanza katika vitalu vikuu, vikubwa vya kutosha, na kura inaamua kipi kipate dawa na kipi kikose. Halafu ndani ya kila kitalu kikuu unakata vitalu vidogo, na kura nyingine inaamua aina gani ya kiazi ikae wapi. Huo ndio mpangilio wa vitalu vilivyogawanywa. Kwa kuwa kura ni mbili, mizani ya kupimia makosa, yaani tofauti zinazoletwa na bahati tu, nayo ni mbili. Aina za viazi zinalinganishwa jirani kwa jirani, kwenye udongo ule ule, kwa hiyo tunazifahamu vizuri. Dawa inalinganishwa kitalu kikuu kwa kitalu kikuu, na hivyo ni vichache, kwa hiyo majibu yake tunayapokea kwa tahadhari. Vijana wenye kompyuta mnalisahau hili. Mnahesabu vitalu vidogo vyote kana kwamba kila kimoja kilipigiwa kura ya dawa, programu inawapa nyota tatu, kwamba tofauti ni ya uhakika kabisa, mnashangilia. Jamani! Nyota hizo ni za bure.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Lupembe kwenye chai, nikakaa huko hadi nikaanza kuzoea mvua, kisha Makambako kukagua mbegu za viazi zinazosafirishwa. Makambako ni mji wa malori, watu wametoka kila mkoa na kila mtu ana haraka. Siku moja nilichukua viazi ndoo nzima kutoka gunia moja la nyuma, nikavipasua kimoja kimoja, vikawa safi, nikataka kuliruhusu lori liondoke. Mkaguzi Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Dada, umekagua gunia," akasema. "Lori bado."

Mwenye lori, alhaji mmoja mcheshi aliyekuwa akitupa salamu kabla hata hajazima injini, akacheka. "Mwache bibi shamba, Bwana Mkaguzi. Gunia lile nililiweka nyuma makusudi, ni zuri!"

Tulicheka wote, lakini nilianza upya. Kiazi kimo ndani ya gunia, gunia limo ndani ya lori, lori limetoka kijiji fulani. Tuliuita mpangilio wa viota, maana kila ngazi imelala ndani ya ngazi nyingine. Gunia la tatu la lori hili halina undugu wowote na gunia la tatu la lori lile, ni namba tu zimefanana. Ukipasua viazi mia vya gunia moja, bado unalijua gunia moja. Kama unataka kulijua lori, fungua magunia mengi, hata ukichukua viazi vichache kila moja.

Niliporudi Njombe, Mkuu wa Kituo alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alinikabidhi jaribio lililonipa heshima kuliko kazi nyingine yoyote, na lililokaribia kunitoa roho. Wakulima walikuwa wakilia na ukungu, ule ugonjwa unaobabua majani ya viazi mvua zikizidi. Mwenye bomba na dawa anaokoa shamba lake. Asiye navyo anaangalia likioza. Tulikuwa na aina nne mpya za viazi, na swali letu lilikuwa moja tu: ipi itasimama bila dawa, ili mtu asiye na bomba naye avune?

Tuliweka majaribio kwenye mashamba ya vijiji kadhaa. Shamba lililokuwa muhimu kuliko yote lilikuwa la Mama Tumaini, mjane wa Mdandu, kwa sababu liko bondeni na umande wa asubuhi hulala pale mpaka jua lipande. Ukungu ungekuja kwake kwanza na kwa nguvu. Vitalu vikuu viwili tungepulizia, viwili tungeacha. Mavuno yote yangekuwa yake, lakini alijua kwamba kwenye vile viwili huenda asivune kitu. Alikubali. Watoto wake wanne walikula kutoka shamba lile.

Ukungu ukaja. Jumatatu moja nilishuka kwenye bodaboda kutoka Igwachanya, nikakuta shamba lote limekuwa jeupe kwa dawa, kuanzia barabarani hadi mtoni. Mama Tumaini alitoka ndani akinyoosha mikono yote miwili.

"Kamwene, bibi shamba! Umeona? Wapendwa wametusaidia!"

Baada ya ibada ya Jumapili washarika wenzake wa kanisa walikuwa wamepita njiani, wakaona nusu ya shamba la mjane inakauka huku nusu nyingine imepona. Wakaenda makwao, wakarudi na mabomba, wakapulizia vile vilivyoachwa. Hawakumwomba ruhusa, walimfanyia tu, kama ambavyo wangemlimia akiwa mgonjwa.

Nilipiga kelele, siwafichi. Nilisema maneno ambayo mama yule hakustahili kuyasikia, naye akaingia ndani akafunga mlango. Nikampigia simu Mkuu wa Kituo.

"Kuna vitalu vidogo walivyoviruka?" akauliza.

"Hapana. Wamepuliza mstari mzima mzima."

"Basi usisumbue watu. Aina bado tunaweza kuzilinganisha, zote zimepata dawa sawa. Swali la dawa kwa Mdandu limekufa. Tutalirudia mwakani."

"Wapi, mzee? Vijiji vingine ukungu umegusa tu na kuondoka."

"Hapo hapo," akasema. "Kama atakubali."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bila vile vitalu viwili vilivyoachwa, tungewapa wakulima mbegu bila kujua, na asiye na bomba ndiye angelipia ujinga wetu kwa njaa. Na ili tujue, ilinibidi nimwombe mama niliyemfokea aache viazi vyake vife tena.

Nilikwenda kwanza kumwomba radhi, akanipa kiti, akaendelea na kazi zake za jikoni. Jumapili iliyofuata mwinjilisti aliniruhusu niseme na washarika baada ya ibada. Nilieleza kila kitu, kura na vitalu vikuu na upepo. Nikasema, "Mkivipulizia vile, mnanifumba macho. Nitamshauri nini mjane mwingine asiye na majirani kama ninyi?"

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. Alisema taratibu, kwa heshima. "Bibi shamba, tumekusikia. Lakini sisi hatuwezi kupita njiani tukiangalia kinachokufa."

"Baba, ni kiazi! Siyo mtu!"

"Kiazi cha nani?" akauliza.

Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kuvipigia kura vitalu, na hakuna aliyenifundisha kwamba kitalu kisichopewa dawa kina mwenyewe, na mwenyewe ana watoto. Pale kanisani ndipo nilipoona kosa halikuwa la washarika. Jaribio letu lilipanga dawa na aina, likasahau mapenzi ya jirani.

Mama Tumaini akasimama bila kuombwa. "Nitaacha," akasema. "Vife. Nataka kujua na mimi. Ila ninyi mnaonipenda, msije shambani kwangu na mabomba. Mkitaka kunisaidia, mlango wa nyumba mnaujua."

Msimu ule wa pili ulikuwa mrefu. Mvua zilinyesha, umande ukalala bondeni, ukungu ukaingia. Kila wiki nilikwenda kupima, jani kwa jani, nikikadiria sehemu iliyobabuka. Kazi hiyo mkulima mwenyewe huwa anapenda kuifuata, lakini Mama Tumaini hakuja upande ule hata mara moja. Washarika walipita barabarani wakigeuza nyuso. Na jioni, nilipokuwa nasubiri usafiri, niliwaona wakiingia uani kwake mmoja mmoja, huyu na debe la viazi, yule na unga, yule na kuni, wakiweka mlangoni na kuondoka. Hakuna aliyegusa shamba.

Kwenye vitalu vilivyoachwa aina tatu zilikwisha, mashina yakabaki meusi. Aina ya nne, yenye ganda jekundu, ilibabuka kingoni tu, ikaendelea kuwa kijani. Nilipita kitalu kikuu cha kwanza, nikaona hivyo. Nikakimbilia cha pili, nikiwa na buti zilizojaa tope, nikaona hivyo hivyo. Nilipiga kigelegele peke yangu bondeni! Mkuu wa Kituo nilipompigia simu alisema tu, "Vitalu viwili, shamba moja. Linganisha na vijiji vingine kabla hujacheza ngoma." Lakini nilimsikia anatabasamu. Tulilinganisha, na kile chekundu kikasimama kila ukungu ulipofika, ndicho tukawapa wakulima.

Sasa nami nimestaafu. Nina bustani ndogo Njombe mjini, ninalala vya kutosha, na watoto wa siku hizi wakinipigia simu kuniuliza kuhusu mizani mbili huwa nafurahi, ingawa nawagombeza kwanza. Nawaambia hesabu si ngumu. Kabla hujapiga kura ya vitalu, kaa na watu wanaopita kwenye njia ya shamba lile. Uliza mwenye shamba atakula nini kitalu chako kikifa, nao waulize watamsaidia vipi. Ukipata majibu hayo, chora ramani yako.

Siku ya kuniaga, viongozi walisema mengi, nami nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Kisha mshereheshaji akasema kuna mama ametoka Mdandu anaomba dakika moja. Amezeeka, anatembea na fimbo. Akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika jembe.

"Huyu nilimchukia msimu mzima," akasema. "Kila asubuhi nikifungua dirisha naona viazi vyangu vinakufa, nilimtaja mbele za Mungu, na sikumtaja kwa wema." Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. "Wanangu wote wanne wamekua kwa kile chekundu. Na mimi bomba sijawahi kununua."

Akarudisha kipaza sauti, akakaa. Nikasimama kusoma hotuba yangu. Nikasema asante, mama, nikaikunja karatasi, nikakaa.