Fundi wa Tafo na kompyuta iliyojaa marehemu

Ijumaa asubuhi, jua halijayapasha joto mabati ya Tafo, hapa Kumasi, Ghana, na fundi Afia Pokuaa ameshaweka kiganja juu ya kompyuta ya watu. Amefumba macho, midomo inacheza. Anasema "Amina", kisha anaifunua.

"Hiyo inataka mazishi, si maombi," anachokoza Mansa, muuza makava ya simu wa meza ya jirani.

"We uza makava yako."

Mwenye kompyuta, Mzee Tuffour, hacheki. Yeye hutengeneza vijitabu vya misiba, na kesho anazikwa Bibi Sarpomaa, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa huu. Kijitabu kinatakiwa kwa mchapaji saa sita mchana. Wasifu aliuchapa jana kutoka midomoni mwa wazee wa ukoo, haupo popote pengine, na kabla hajauhifadhi kompyuta ikaanza kujikokota.

"Kuna fundi kaniambia niizime tu, niiwashe upya."

"Ukiizima, mzee wangu, bibi umempoteza mara ya pili."

Pokuaa anafungua orodha ya programu zinazofanya kazi. Anabonyeza mara moja, anangoja. Kumbukumbu imejaa asilimia tisini na saba. Virusi hakuna. Kuna picha: wazee, akina mama, kijana mwenye kofia ya mahafali, zote zimefunguliwa kwa pamoja, kila moja kubwa ya kutosha bango la barabarani.

"Hawa wote ni wa kesho?"

"Hapana, wako mochwari. Familia bado zinajipanga, wengine mpaka baada ya Pasaka." Mzee anashusha sauti. "Nitamfungaje mtu ambaye watu wake hawajamuaga?"



Pokuaa angeweza kuzifunga zote bila kumuuliza. Badala yake anavuta stuli na kukaa.

"Mzee wangu, msibani watu wanakaa wapi?"

"Uwanjani, chini ya maturubai."

"Na marehemu ambaye siku yake haijafika?"

"Si nimekwambia, mochwari."

"Basi wewe umewaleta wote uwanjani leo. Bibi Sarpomaa hana pa kukaa. Kumbukumbu ndiyo uwanja, diski ndiyo mochwari. Picha zao nimeziona kule, ziko salama. Tukizifunga hapa hatumziki mtu. Tunawarudisha wakangoje siku yao."

Mzee anakuna kidevu.

"Anza na Mzee Gyau," anasema. "Yeye hakupenda msongamano."

Mansa anaangua kicheko, na safari hii Mzee Tuffour naye anacheka. Anataja majina, Pokuaa anafunga. Kila jina analijibu kwa "Pumzika." Asilimia zinashuka: tisini, themanini, sitini na kitu. Feni iliyokuwa ikivuma inatulia. Pokuaa anakihifadhi kijitabu, kisha anakinakili kwenye flashi, na hapo ndipo anapovuta pumzi.

Fundi huyu hakuzaliwa na kazi hii. Alikuwa akikausha samaki mpaka moshi ukamwingia kifuani. Akiwa na miaka thelathini na minane akajiunga na masomo ya jioni kwenye ukumbi wa kanisa, akikaa benchi moja na vijana wa umri wa wanawe.

"Hata kipanya sikujua kukishika," anasema. "Nikirudi nyumbani napiga magoti: Bwana, hii akili ya mashine nipe hata kidogo. Akanipa kidogo kweli! Ikabidi nirudie mwaka."

Wiki nzuri humwingizia sedi mia nne. Angepata zaidi, anasema Mansa, kama angewaambia watu wanunue mashine mpya.

"Kwanza nauliza mtu anafanyaje kazi yake," anasema Pokuaa. "Mara nyingi kompyuta si mgonjwa. Imebeba tu vitu ambavyo mwenyewe hawezi kuvitua."

Sasa anakusanya kompyuta kuukuu. Ameshapata nne. Kwenye ukumbi uleule anataka kuanzisha darasa la jioni la watu waliovuka miaka arobaini, ambao huona haya kuuliza mbele ya watoto.

Mzee Tuffour ameshaikumbatia kompyuta yake na kupiga hatua kuelekea kwa mchapaji. Anageuka, anarudi, anaifunua tena mezani. Kwenye kioo amebaki mtu mmoja, Bibi Sarpomaa, na sare yake nyeupe.

"Kesho akishazikwa, nataka nimfunge mwenyewe," anasema. "Nionyeshe tena pa kubonyeza."

Pokuaa anasogeza stuli, ampishe akae.